Kuku Mzima wa Mama Vero

Nakumbuka siku tuliyoshuka kwenye lori pale Opala, mwanangu: mimi na mimba ya ndugu yako mkubwa, Saidi mume wangu na cherehani yake begani, na Shangazi Mariamu, dada ya baba yangu, akilalamikia kiuno chake. Nakueleza haya kwa sababu umepangiwa kazi ya ualimu huko, nawe unaniuliza kama ni mji mzuri wa kuishi. Ungeniuliza jinsi ya kupika pondu, majani yetu ya muhogo, ningekujibu upesi.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru, uasi ulipoingia Kisangani. Leo walipita askari wa kambi ya Kapalata, kesho walipita vijana wenye mikuki na majani kichwani, na sisi Waislamu wa mjini hatukujua nani wa kumwamkia na nani wa kumkimbia. Saidi akasema twende Opala, mji mdogo, nani atahangaika nao? Dereva alilala pale ili alfajiri arudi Kisangani. Tukakubaliana kwamba tukiona mji haufai, tunapanda lori lile lile, maana hakuna aliyejua kama litakuja jingine. Kwa hiyo nilikuwa na jioni hiyo tu ya kuamua mwanangu azaliwe wapi.

Saidi alibaki kwenye lori akishusha mizigo. Shangazi alijilaza katika nyumba tuliyoazimwa. Mimi nikatembea nikiuliza. Samaki wa mto Lomami walikuwa wanene, nikafurahi. Msikiti haukuwapo, nikanuna. Mkunga yupo, lakini anakaa ng'ambo ya mto, basi sikujua nifurahi au ninune. Halafu ule ukimya! Je, ni amani, au watu wameogopa kama sisi? Mmoja akaniambia hapa ni pazuri sana, mama. Wa pili akaniangalia miguu, akaenda zake bila kunijibu.

Niliporudi nikakuta kuku mlangoni. Mzima, amefungwa miguu kwa kamba, ananitolea macho. Mtu hakuna.

Usinicheke, mwanangu. Siku zile kila mdomo ulikuwa unazungumza dawa, dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, dawa ya kumfukuza adui. Nikasema huyu kuku ni dawa, wanatufukuza. Saidi akafika, akasema labda ni zawadi. Nikamwambia zawadi huja na mwenyewe. Akasema basi labda amepotea. Amepotea akajifunga kamba? Naye akaanza kujikuna kichwa, na mimi nikaanza kufunga mizigo tena.

Kelele zikamwamsha Shangazi. Akamshika kuku miguu, akaenda naye moja kwa moja nyumba ya jirani, mimi nyuma yake nikimsihi amtupe. Tukamkuta mwanamke anatwanga ndizi kwenye kinu, ana msalaba shingoni. Ndiye Mama Vero.

“Mama, hii kuku iko ya nani?” Shangazi akamuuliza.

“Iko yenu. Mi niliishi Kisangani karibu na Bangwana, batu ya muskiti kama nyinyi, najua hamukulake nyama yenye mutu mwingine anakata. Alors, basi, nilileta yeye muzima, papa wa nyumba akate mwenyewe. Lituma ya hii ndizi iko karibu kuiva.”

“Na mbona haukuita mutu?”

“Niliita. Weye bibi ulikuwa unalala, nikasikia haya kukuamusha.”

Shangazi akanigeukia. “Zaina, uliuliza samaki, uliuliza muskiti, uliuliza mpaka mukunga. Huyu mwenye kulala karibu yako, ulimuuliza nini?”

Nikalia, na hata leo sijui kama ni aibu au njaa. Saidi akachinja, tukala wote sinia moja, na Mama Vero akacheka sana aliposikia habari ya dawa. Alfajiri nikasikia lori linawashwa. Nikataka kuamka. Sikuamka.

Sasa, je, Opala ulikuwa mji mzuri? Waasi walifika na huko, mwanangu. Walisimama mlangoni petu wakitafuta watu waliotoka mjini, na Mama Vero akatoka jikoni na mwiko mkononi akawaambia hawa ni ndugu zake. Yeye na msalaba wake, mimi na ushungi wangu! Wakatutazama, wakapita. Ndugu yako mkubwa alizaliwa kwenye mkeka wa mama huyo. Lakini Shangazi Mariamu pia amezikwa huko. Saidi alimsalia akiwa Mwislamu pekee, na wanaume wa Opala wakasimama nyuma yake bila kujua la kufanya. Nilimtoa kwao nikamzika mbali na baba yangu. Hilo linanichanganya mpaka leo, na nikiwaza sana kichwa kinaniuma.

Basi nasaha yangu ni hii. Usiuhukumu mji siku ya kwanza, wala usidhani ukimya ni amani au ni ubaya. Kabla hujauliza soko na barabara, piga hodi kwa jirani, mwambie unachokula na usichokula, umuulize na yeye. Ukikuta kitu usichokielewa, kipeleke kwa mwenyewe, uulize. Na kama bado utabaki hujui, kaa hivyo hivyo hujui, wengi tumeishi hivyo na tukalea watoto.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde njiani, awalainishie watu mioyo kwa ajili yako, na akupe jirani atakayekuletea kuku akiwa mzima.