Mhudumu Aliyelala kwa Mujibu wa Kifungu cha Kumi na Tisa

Kazini walimwita Mkanda. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwaambia abiria wafunge mikanda, na siku moja, akitoka safari ndefu hoi bin taabani, alimwambia dereva wa teksi maneno yale yale, kwa tabasamu lile lile, kisha akamwonyesha ilipo milango ya dharura.

Alikuwa mhudumu wa ndege wa akiba, yaani mtu anayekaa nyumbani na sanduku mlangoni akingoja mwenzake augue. Simu ikilia, ana dakika tisini awe uwanja wa ndege, nywele zimebanwa, poda usoni, macho ya mtu aliyelala vizuri. Mkataba ulisema kila baada ya safari apumzike saa kumi na mbili mfululizo. Neno hilo, mfululizo, alilisikia kama watu wanavyosikia habari za peponi: pazuri, ila hajaonana na aliyefika.

Maana shirika lilikuwa na fomu. Meneja mpya alitaka uthibitisho kwamba wahudumu wanapumzika kweli, hawazururi, hivyo karani wa ratiba akapewa kazi ya kuwapigia simu katika kila pumziko. Asiyepokea aliandikwa mtoro. Karani mwenyewe alikuwa mpole, wa kuomba radhi kabla ya kusalimia.

"Samahani, dada. Umelala?"

"Nilikuwa nimelala."

"Vizuri sana. Naweka tiki."

Maji yalizidi unga siku ile ndege ilipotua, naye Mkanda akashika kipaza sauti na kuwakaribisha abiria, kwa bashasha zote, katika mji waliotoka asubuhi. Bibi mmoja aliangua kilio akidhani wamerudishwa. Kesho yake ikaja barua ya onyo: amefanya uzembe kwa kutopumzika ipasavyo, kinyume na mkataba.

"Kinyume na mkataba?" alisema mama yake, mkunga mstaafu aliyeishi naye. "Basi ulete huo mkataba, na miwani yangu."

Wakausoma mezani, ukurasa kwa ukurasa. Mama ndiye aliyeweka kidole kwenye kifungu cha kumi na tisa: pumziko likikatizwa na mwajiri, kwa sababu yoyote ile, litahesabiwa upya tangu mwanzo.

"Mwanangu," alisema, "wamekutandikia kitanda wenyewe. Kalale."

Jumatatu Mkanda alirudi kutoka safarini saa moja asubuhi, akalala. Saa nne simu ikalia.

"Samahani, dada. Umelala?"

"Asante kwa kuniuliza. Kwa kifungu cha kumi na tisa, pumziko langu linaanza sasa hivi, saa nne."

Karani alikohoa. Saa nane alipiga kuuliza kama alikuwa anatania. Mkanda akajibu kwamba hatanii, na sasa linaanza saa nane. Saa kumi akapiga msimamizi wa karani kumwonya karani asipige tena, akakosea namba, akampata Mkanda.

Mama alichukua daftari lake la zamani la kliniki akawa anaandika kila simu, kama alivyozoea kuandika uchungu wa wazazi. Siku ya Jumatano alilitazama akatikisa kichwa. "Zinakaribiana," alisema. "Wakati wowote shirika litajifungua."

Alhamisi asubuhi, mlangoni akasimama mkuu wa wahudumu mwenyewe, tai imekaa upande.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuona kama anapumzika."

"Marahaba, baba. Anapumzika. Ukimwamsha umuulize, tunaanza moja."

Mkuu alibaki mkono hewani, kama mwanafunzi aliyesahau swali. "Basi naomba nimsubiri," alinong'ona.

Akakaribishwa kwenye kochi, akaketi wima kikazi. Baada ya dakika kumi kichwa kilikuwa begani, mdomo wazi, anakoroma. Simu yake ilitetemeka juu ya meza. Mama aliipokea ili isimsumbue mgeni.

"Uko wapi?" meneja alifoka. "Nimekupigia tangu alfajiri!"

"Amelala," alisema mama. "Na wewe, baba, mara ya mwisho ulilala lini?"

Simu ikakatwa.

Mkanda aliamka saa sita mchana mwenyewe, bila kuamshwa, akakuta bosi wake amefunikwa shuka la maua. Alimpikia chai. Hawakuzungumza habari za kazi. Mkuu alikunywa vikombe viwili, akasema hajui kwa nini anajisikia vizuri hivi, akaondoka akiwa ameacha tai.

Wiki iliyofuata fomu ilifutwa kimyakimya. Barua ya onyo iliondolewa kwenye faili "kwa sababu za kiofisi". Ukutani likabandikwa bango, TUNAJALI PUMZIKO LAKO, na wahudumu wote wakaitwa kulizindua siku yao ya mapumziko. Hakutokea hata mmoja. Kila mmoja alituma ujumbe mfupi: kifungu cha kumi na tisa.

Mikataba ilipofika wakati wa kufanywa upya, wanasheria wa shirika walikipiga mstari kifungu kile kifutwe. Chama cha wafanyakazi kilikataa, kikaomba kura ya wakuu wa idara. Mkuu wa wahudumu alisimama wa kwanza kukitetea, akasema maneno mengi kuhusu usalama wa abiria. Alipokaa, alimwinamia katibu wa chama akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama kifungu hicho kinaweza kuingizwa kwenye mkataba wake pia.