Chawan na Chawa: Miezi Yangu Minane kwa Sensei

Niliingia kazini siku ya Jumapili, saa tisa na nusu alasiri, nikiwa na begi la shule mgongoni na kesi nyumbani. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeshika kipaza sauti cha shule, nikaigiza sauti ya naibu mkuu, nikatangaza kwamba kesho hakuna masomo kwa sababu ya vumbi. Vumbi kweli lilikuwepo. Kosa langu, kwa maelezo ya baba, ni kwamba niliigiza vizuri mno: madarasa matatu hayakutokea. Baba ni msimamizi wa zamu katika hoteli moja hapa Doha, na alikuwa akifahamiana na meneja wa kituo kimoja cha sanaa huko Al Rayyan, si mbali na kwetu Muaither. Akanipeleka mwenyewe. "Atajitolea hapa kila akitoka shule," akamwambia. "Mpeni kazi itakayomfunga mdomo."

Sasa nimestaafu, nina miaka kumi na sita, na mdomo haujafungwa. Wadogo zangu mnaofikiria kuingia katika ufinyanzi, vuteni viti.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa mfinyanzi kutoka Japani, mama mfupi wa miaka sitini na kitu, aproni ngumu kwa udongo uliokaukia. Tulimwita Sensei, ambacho ni cheo, maana yake mwalimu. Lugha yetu ya kazi ilikuwa Kiingereza, chake cha kuokoteza na changu cha kujidai. Hapa nimemwandika kwa Kiswahili, na kusema kweli kimempendeza.

Alinionyesha rafu ndefu ya mabakuli yasiyo na mikono wala visahani. "Haya yote ni chawan," akasema. "Ni ya kunywea chai. Yafute vumbi. Ukivunja chawan, nenda kwenu."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni.

"Nini kinachekesha?"

"Sensei, kwetu chawa ni mdudu. Anakaa kwenye nywele, anakunywa damu."

Akautazama mtandio wangu kwa wasiwasi, akarudi nyuma hatua moja.

"Na siku hizi chawa ni mtu pia," nikaendelea, maana mimi nikianza sina breki. "Yule anayemganda tajiri, anamsifia kutwa kucha. Bosi akipiga chafya, yeye anasema, ah, chafya tamu hiyo."

Sensei hakucheka. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia: "Huyo anakula nini?"

"Anakula kwa jina la bosi."

"Basi nilikuwa chawa," akasema. "Miaka kumi na moja." Akanipa kitambaa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Ndoo. Vipande vyote vya udongo vilivyokatwa, kuharibika au kukaushwa na kiyoyozi vilirudishwa ndooni kulowekwa, kisha mimi nikavikoroga kwa mkono hadi kiwiko. Hapa Doha adui wa mfinyanzi ni hewa. Nje jua linakausha, ndani kiyoyozi kinakausha, na bakuli likikauka upande mmoja haraka kuliko mwingine linapasuka. Kwa hiyo kila chombo kilifunikwa nguo mbichi na nailoni, kama mgonjwa wa homa, na mimi ndiye niliyekuwa nesi.

Baada ya miezi miwili nilihamishiwa Kukanda. Wajapani wanakanda udongo kwa mtindo wanaouita kikuneri: unasukuma kwa kiganja, unazungusha kidogo, unasukuma tena, mpaka mikunjo inajipanga kama petali za ua. Kazi yake ni kutoa mapovu ya hewa, maana povu likibaki ndani, chombo kinapasukia kwenye tanuri na kuua na majirani zake. Madonge yangu hayakufanana na ua. Mama alipoiona picha kwenye simu alisema, "Hizo chapati umezikosea maji."

"Nitakanda mpaka lini?" nilimuuliza Sensei.

"Mimi nilikanda miaka mitatu."

"Mimi nina mtihani mwakani."

Akanipeleka kwenye gurudumu wiki iliyofuata. Sijui kama ni huruma au alichoka kunisikia.

Gurudumu ni sahani inayozunguka kwa umeme. Unabwaga donge katikati, unalibana kwa mikono miwili iliyolowa mpaka liache kuyumba, kisha unalifungua kwa dole gumba na kulipandisha. Nimelisema kwa sentensi mbili. Mikono yangu ilitumia wiki saba. Udongo ukishakuwa mgumu kama sabuni ya kipande, unaligeuza bakuli kichwa chini na kuchonga mguu wake, ile pete ya kusimamia. Wajapani huangalia hapo kwanza. Mgeni akishika chawan analigeuza na kulichungulia chini, jambo ambalo kwetu ukifanya nyumbani kwa watu utaulizwa unatafuta nini. Huko chini ndiko kunakogongwa muhuri wa aliyelifinyanga. Au wa anayesemekana kulifinyanga.

Hapo ndipo miaka kumi na moja ya Sensei inapoingia. Alinisimulia vipande vipande, tukichonga, karak yetu, chai ya maziwa ya huku, ikipoa kwenye vikombe vya karatasi. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na tisa, kwa bwana mkubwa mmoja wa ufinyanzi ambaye jina lake lilikuwa la urithi. Kwenye nyumba kama zile jina linarithiwa kama shamba: mzee akifa, mwanawe anaitwa yeye, ila namba inaongezeka. Siku ya kuwasha tanuri la kuni, wanawake hawakuruhusiwa kusogea, eti moto utakasirika. Lakini mabakuli aliyafinyanga Sensei. Bwana mkubwa alikuja jioni, akagonga muhuri wake, akaandika jina lake juu ya kisanduku cha mbao, na watu wakainama.

"Wenzako walisema nini?" niliuliza.

"Tulikuwa watatu, mbali na mwana wa nyumba. Mmoja sasa ni profesa, anafinyanga vitu visivyoshika maji. Mmoja anauza tambi. Mwanawe bwana mkubwa ni bwana mkubwa. Mimi niliondoka na gurudumu moja." Akapuliza vumbi la udongo. "Nilijenga tanuri langu nyuma ya nyumba ya kupanga. Miaka mingi nilifinyanga mabakuli ya wali, ya watu wa kawaida. Muhuri mdogo, wangu."

Sasa nimlete mkuu wa pili, yule Meneja wa Kituo anayefahamiana na baba, Mkenya wa Nakuru, mtu wa tai hata joto likiwa la kuyeyusha viatu. Alikuja mwezi wangu wa saba, na habari moja. Kutakuwa na maonyesho ya Sensei, meza ya chawan arobaini, na wakubwa watakaokuja ndio watakaoamua kama mkataba wake unaongezwa. Bila mkataba hakuna kibali cha makazi, na bila kibali, Sensei anarudi Japani, ambako alikuwa ameshauza tanuri lake.

Sensei akaanza kazi. Bakuli la ishirini na mbili lilipotoka kwenye gurudumu, kifundo cha mkono wake wa kulia kilivimba kama kitumbua. Daktari akamfunga bandeji, akamkataza gurudumu.

Kwenye rafu ya chini, chini ya nailoni, kulikuwa na mabakuli kumi na manane yangu. Yalikuwa mazuri. Sisemi kwa majivuno. Nasema kwa sababu Meneja aliyainua moja moja akatoa hesabu yake kwa sauti.

"Ishirini na mbili na kumi na nane. Si ndiyo arobaini hiyo?"

"Hayo ni yangu," nikasema.

"Wewe msichana, nani amefunza hiyo mikono? Udongo ni wa nani? Wheel ni ya nani?" Akamgeukia Sensei, akabadili lugha na sauti ikawa ya asali: huko kwao si ndivyo ilivyo, warsha nzima muhuri mmoja? Ni heshima kwa mtoto. Hakuna anayeibiwa.

Kibaya ni kwamba hakuwa mwongo. Huko ndivyo ilivyo. Nikamtazama Sensei nikingoja amfukuze. Sensei alitazama bandeji yake. "Kesho udongo utakuwa tayari kwa muhuri," akasema.

Nyumbani nilitegemea nitetewe. Baba akasema, "Rukia, mtu mzima anafukuzwa nchi, wewe unagombania bakuli?" Mama aliuliza kama mkono wa Sensei umepata dawa. Rafiki yangu darasani ndiye aliyeniumiza zaidi. "Kumbe miezi yote hii ulikuwa chawa wa Mjapani," akasema, akacheka, na safari hii sikuona kinachochekesha.

Kesho yake muhuri ulikuwa mezani, kijiti kidogo chenye herufi zake mbili. Meneja alikuja kushuhudia. Sensei akachukua bakuli langu la kwanza, akaligeuza, akagonga kwa mkono wa kushoto. Alama ikaingia kando ya mguu nilioutolea jasho siku nzima. Akachukua la pili.

"Sensei," nikasema, "hapa chawa ni nani?"

Najua nilichosema. Nilikuwa nimemwita mwalimu wangu mdudu anayekunywa damu ya mtu, mbele ya bosi wake, siku ambayo alikuwa na mkono mmoja. Meneja hakujua hadithi ya neno lile baina yetu, lakini alijua neno.

"Ati unasema nini? Huna adabu wewe!"

"Sina," nikajibu. "Lakini bakuli ni langu."

Sensei aliweka muhuri chini. Akachovya dole gumba kwenye maji, akalishika lile bakuli la kwanza, akasugua alama yake polepole mpaka udongo ukawa laini kama hakuna aliyepita. Kisha akanisukumia.

"Weka lako."

Muhuri sikuwa nao. Nilijipapasa, nikavuta kifungo cha pili cha shati la sare, uzi ukakatika. Kina matundu manne na ukingo ulioinuka. Nikakigonga kwenye yote kumi na manane, Meneja akihesabu matusi kwa Kikikuyu.

Sensei aliniangalia hadi nikamaliza. "Mimi nilingoja miaka kumi na moja," akasema. "Wewe umengoja miezi mingapi?"

"Saba na nusu."

"Kweli huna adabu."

"Ndiyo, Sensei."

"Vizuri."

Maonyesho yalifanyika na meza mbili, kubwa yenye ishirini na mbili na ndogo yenye kumi na nane. Wakubwa walikuja, wakageuza, wakachungulia. Mmoja aliuliza kwa nini mabakuli haya yana kifungo. Sensei alimjibu, "Ya mfinyanzi mwingine," na kunionyesha kwa kidevu. Yule mkubwa alinitazama mimi na viatu vyangu vya shule, akatazama kadi yake ya mwaliko iliyoahidi chawan arobaini za Sensei, akaandika kitu.

Mkataba haukuongezwa. Siwezi kuwafichia hilo, wadogo zangu. Huenda hata muhuri usingemwokoa, huenda ungemwokoa; Meneja anayo yake, mimi sijui. Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo nyumbani kwake Al Thumama, ndege zikipita juu ya paa mpaka tukawa tunangoja zipite ndipo tuongee. Nilimwambia samahani kwa neno lile. Kwa bakuli sikuomba samahani, na yeye hakuidai. Alisema atatafuta chumba chenye sakafu ngumu, sehemu yoyote, gurudumu halihitaji zaidi. Akachukua kiganja changu, akakibonyeza katikati kama anayepima udongo. "Bado laini," akasema. Ndege ikapita.

Wiki iliyofuata Meneja aliniita ofisini. Darasa la watoto la Ijumaa halikuwa na mwalimu. Angenipa mimi, na kiti, na ufunguo wa chumba cha tanuri. Sharti moja: chochote nitakachofinyanga kitabeba muhuri wa kituo.

Nikaomba karatasi, nikaandika kwamba nastaafu kwa hiari kuanzia leo. Meneja aliisoma mara mbili.

"Kustaafu? Uko na miaka ngapi?"

"Kumi na sita."

Hivi ndivyo ninavyoona nikiwa mstaafu. Wataniambia kuwa nimeipoteza kazi nzuri kwa alama isiyoonekana, iliyo chini ya chombo, upande unaogusa meza. Ndiyo. Nilichonga mguu ule mwenyewe, najua kilichoko kule chini, na sioni haya kukisema juu. Nanyi mkikalia gurudumu, mkiambiwa kazi yenu iandikwe jina la mtu mwingine kwa heshima yenu, ulizeni heshima ya nani. Ulizeni vibaya ikibidi.

Nilikuwa nimefika mlangoni Meneja aliposema, "Na yale mabakuli yako? Watu wanauliza. Niwaambie ni ya nani?"

"Waambie."

Akachukua kalamu. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akalegeza tai.

"Jina linaandikwaje?"

Nikarudi, nikaichukua kalamu mkononi mwake, nikamwandikia mwenyewe, kwa herufi kubwa: langu, la baba, na la babu.