Baba wa Bibi Harusi Kwenye Folda ya Takataka

Siku yangu ya kwanza kazini Tunduma nilivaa viatu vya kanisani, maana niliambiwa nitakaa ofisini. Kumbe ofisi yenyewe ni kontena lililotobolewa dirisha, na vumbi la malori liliniwahi kabla sijafika mlangoni. Vijana wa kanisani kwetu Igamba wameniomba niandike kazi ya karani ilivyokuwa. Nina darasa la saba na kozi fupi ya kompyuta, kwa hiyo nikikosea, anayejua zaidi anisahihishe.

Kampuni yetu ilikuwa wakala wa forodha, yaani tulimwandalia mwenye mzigo karatasi zake ili lori livuke mpaka. Meneja wa Tawi, mzee mnene mwenye sauti ya taratibu, alinikalisha mbele ya kompyuta.

"Mama Neema, hili ndilo sanduku letu la barua pepe. Ofisi nzima tuna anwani moja. Kila kinachoingia humo ni mtoto wako."

"Na wakiwa wengi, bosi?"

"Wewe umezaa wangapi?"

"Sita."

"Basi hii kazi umeshaisomea."

Haikuwa kweli. Watoto wangu walikuwa wakiitwa wanaitika. Barua pepe zilikuwa zinaingia kutoka Dar, Lusaka na Lubumbashi, moja juu ya nyingine, na ukisoma ya juu, ya chini inazama. Meneja alitaka kila barua ichapwe kwenye karatasi, igongwe muhuri, itundikwe kwenye msumari. Vijana watacheka, lakini niseme haki: umeme ulipokatika, ofisi za jirani zilikaa bure na sisi tulikuwa na msumari wetu.

Yeye mwenyewe mashine ilimwonea. Kuna kitufe cha kumjibu aliyekuandikia, na kuna cha kuwajibu wote waliokuwemo. Siku moja alitaka kumjibu mkewe, ambaye sijui aliingiaje kwenye orodha ile, akabonyeza cha wote. Wateja wa nchi tatu wakasoma: "Leo nataka makande, uweke na karanga." Mteja wa Lubumbashi akajibu kwa adabu kwamba mzigo umepokelewa, na kwamba yeye makande hajawahi kula. Alipopita Tunduma, mke wa Meneja alimpikia, na mteja yule hakutuacha tena.

Meneja alipostaafu akaja Mkuu wa Nyaraka, kijana kutoka Dar, msomi, mwenye heshima. Alikuwa ananiamkia shikamoo kwanza, halafu ndipo ananigombeza. Msumari ukang'olewa. Tukatengeneza folda, yaani makabati ya ndani ya kompyuta. Yeye alipendekeza majina ya wateja, mimi nikasema sisi huwa tunauliza lori liko wapi, si la nani. Tukakubaliana majina ya mahali: Mpemba, ule mji wa kabla ya Tunduma, kwa malori yanayokuja, Foleni, Geti, Ng'ambo kwa yaliyo upande wa Zambia, na Kwaheri kwa yaliyokwisha kwenda zake. Lori likisogea, na barua zake tunazisogeza. Sijui kama vitabuni inaruhusiwa, lakini ilitufaa.

Folda moja hatukuitengeneza sisi. Kompyuta yenyewe ilikuwa na Takataka, ambamo inatupa barua inazozishuku. Tuliwahi kupata virusi, kompyuta ikalala wiki nzima, ndipo Mkuu wa Nyaraka akaweka sheria: mle ndani hakuna kufungua kitu, na kila Ijumaa alasiri tunamwaga zote. Sheria ilikuwa na maana. Lakini mimi ilinikera kidogo. Kwetu Mbozi ukichambua kahawa kwenye ungo, hutupi mwenyewe ulichokitoa. Unamwita mtu mwingine akipitie, kwa sababu jicho lililokataa punje halirudi kuiona. Mama yangu alikuwa anamwita hata mpita njia. Nilimweleza Mkuu wa Nyaraka siku moja, akasema, "Mama, kompyuta si ungo." Huenda kweli si ungo.

Sasa nifike kwenye Ijumaa yenyewe. Dereva wetu, Nzunda, mtu wa Isansa, alikuwa amekwama Nakonde, upande wa Zambia, na lori la mbao. Kesho yake, Jumamosi, binti yake anafunga ndoa, na yeye ndiye wa kumshika mkono kumpeleka madhabahuni. Dereva haachi mzigo wa watu na kwenda zake. Ili avuke, wakala wa upande wa Zambia, Ba Siame, alitakiwa atutumie hati ya kutoka kwa barua pepe, ndipo sisi tuingize tamko letu la mzigo forodhani. Ba Siame ni Mnamwanga, kabila la pande zote mbili za mpaka, mwenye umri kama wangu. "Ba" ni heshima ya kule.

Toka asubuhi Nzunda alikuwa anapiga simu. "Mama Neema, huku wanasema wametuma. Ninyi mnasema hamjapata. Mwongo nani?"

"Hakuna mwongo, baba. Vumilia."

"Binti yangu ataingia kanisani na shemeji yangu. Unamjua shemeji yangu? Yule akiingia kanisani anatafuta pa kulala."

Nilipekua Ng'ambo, Foleni, Geti. Mkuu wa Nyaraka naye alipekua hadi jasho likamtoka. Tulimpigia Ba Siame, akasema ametuma, tena ametuma upya. Hakuna kitu. Alasiri ikaingia, na forodha inakaribia kufunga hesabu za siku.

Mara mlangoni pakasikika salamu ya kule, "Mwapoleni mukwai." Ba Siame amevuka mpaka kwa miguu, kofia mkononi.

"Mnanifanya mtoto?" akasema. "Nawaandikia, hamjibu. Hata salamu hamjibu."

"Ba Siame, barua zako hazijafika," Mkuu wa Nyaraka akamwambia.

"Zimefika. Mimi naandika kwa herufi kubwa tupu, macho yangu hayaoni ndogo. Barua kama hiyo itapoteaje? Hata kipofu anaiona."

Nikaangalia saa ukutani: ndio wakati wa kumwaga Takataka. Mkono ulikuwa kwenye kipanya. Nikamgeukia Mkuu wa Nyaraka. "Bosi, sifungui kitu. Naomba tu huyu mzee apitie vichwa vya barua kabla sijamwaga. Kwetu tunafanya hivyo."

Yeye akavuta kiti. "Karibu, mzee. Pitia."

Ba Siame akavaa miwani, akasogeza pua hadi kwenye kioo. "Huyu anagawa urithi wa mjomba wake. Huyu anauza dawa ya upara." Akaweka kofia chini, akajishika kichwa. "Huyu msimtupe haraka." Akashuka mistari kadhaa, akaweka kidole. "Huyu ni mimi."

"Wapi?"

"Hapa. Na huyu ni mimi. Na huyu. Mayo, mama wee, mbona wote ni mimi!"

Mkuu wa Nyaraka alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akatueleza, na hili alilijua yeye, si mimi: kompyuta ikiona herufi kubwa tupu inadhani ni tapeli anapiga kelele. Akaifundisha kwa kubonyeza mahali kwamba Ba Siame si takataka. Hati ikafunguka, tamko likaingia, na kabla forodha haijafunga Nzunda alikuwa amepita geti, mkono umekwama kwenye honi.

Toka wiki ile, kila Ijumaa mtu ambaye hakukaa kwenye kompyuta aliitwa apitie Takataka kabla ya kumwaga. Mara mlinzi, mara mama wa chai. Mara nyingi hawakukuta kitu.

Nimestaafu sasa, niko Igamba na kahawa yangu. Usiku mwingine najiuliza kama nilikuwa karani mzuri au nilikaa tu kwenye kiti. Ila Jumamosi ile nilipanda gari la asubuhi kwenda Isansa, nikakaa benchi la nyuma. Kwaya ilisimama, mlango ukafunguliwa, na Nzunda akaingia na bintiye, suti imemkaba, shingoni bado ana vumbi la mbao. Alipofika usawa wangu hakugeuka. Alikuwa anahesabu hatua zake, asije akamkanyaga binti gauni. Shemeji yake alikuwa ameshalala.