Siku Wivine Alipolitambulisha Kundi la Cheche

Wivine, binti wa marehemu Godefroid wa reli, alikuwa na diploma ya ualimu na gita la umeme. Mtaa mzima wa Kamalondo ulijua hayo mawili, ila wengi waliheshimu la kwanza tu. Mama yake, Albertine, aliwaambia majirani kwamba hajazaa mtoto wa kuona haya.

Kundi lao waliliita Cheche: Wivine kwa gita na sauti, Sudi kwa besi, Zéphirin kwa ngoma. Halikupiga rumba. Lilipiga muziki wa mbio ambao wazee waliuita kelele za kizungu, ingawa maneno yalikuwa Kiswahili cha mji. Makundi mengine yalipewa vyombo na chama tawala, yakaimba yaliyotakiwa. Hawa walijitafutia; hata spika yao, Sudi aliiunda kwa redio mbovu.

Jumapili moja ya mwaka 1974, mchana, walikuwa wapige mtaa wa Kenya, jirani na Kamalondo, katika ua wa baa uliojaa watu. Kabla hawajaanza akaja Chileshe, kijana wa chama wa mtaa.

"Dada, mi njo nitabatambulisha. Nitasema: kundi ya chama. Kesho munapata magita ya mupya."

"Na kesho kutwa?"

"Munaenda kuchezea bageni ku uwanja ya ndege."

"Mi sijue kucheza," Zéphirin akasema. "Hii miguu iko ya kupiga ngoma tu."

"Utajifunza, kaka. Hata bibi yangu alijifunza."

Wivine hakucheka. Jina la kundi la chama likishatamkwa mbele ya umati ule, Cheche watakuwa mali ya chama, na hakuna atakayewarudisha.

Chileshe akashika maikrofoni. Wivine akaichukua kutoka mkononi mwa kijana huyo, kama mwalimu anavyochukua chaki kwa mwanafunzi, akaanza kasala, kule kutaja ukoo ambako Waluba, watu wa kabila lake, hufanya kwenye matanga na sikukuu.

"Mi ni Wivine," akasema, akitaja jina lake la ubatizo, ingawa serikali ilikuwa imepiga marufuku majina yote ya aina hiyo. "Mutoto ya Godefroid, mwenye alipiga misumari ya reli mupaka Kamina. Mujukuu ya Ngoie, mwenye hakupigia muntu magoti."

Chileshe alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Kumkata mtu anayewataja wafu wake ni tusi, na nusu ya ua ule walikuwa Waluba.

"Huyu Sudi, mutoto ya Amadi, mwenye anashona banguo ya harusi zenu. Huyu Zéphirin, mama yake anauzisha samaki ya Pweto, munamujua. Sisi ni Cheche. Hatuna mwenyewe mwingine."

Wanawake wakapiga vigelegele.

"Magita munakosa," Chileshe akanong'ona.

"Ubapelekee benye banajua kucheza."

Wakapiga mpaka spika ikatoa moshi.

Mwaka mzima walinyimwa kibali cha kupiga katika baa yoyote. Lakini harusi haiombi kibali. Wakaitwa harusi moja baada ya nyingine, Kamalondo na Kenya, na kila mwenye harusi aliyesimama kuwatambulisha alisema Cheche, akaishia hapo.