Mwani Nilioupika Bila Kuuosha

"Ukiuosha mwani, nguvu yake yote inaondoka na maji."

Maneno hayo niliyasikia bombani, tena kwa watu watatu tofauti. Yakaniganda kichwani kama kupe. Nikila, yapo. Nikilala, yapo.

Mimi nimeishia la saba, siandiki kujifanya mtaalamu. Naandika ili mama mwingine asije akafanya nilichofanya.

Shamba letu limeingiwa na chumvi. Maji ya kisima chake ukionja, unatema. Kila tukipanda, majani yanaungua ncha, mche unadumaa, basi.

Kaka yangu ndiye mwenye hati. Akamwambia binti yangu:

"Mjomba wako nimechoka. Nakupa msimu mmoja. Likigoma, nauza."

Binti akajifunza kutengeneza maji ya mwani. Anauokota ufukweni, anauosha kwa maji ya bomba mara nne, anauchemsha, anachuja. Kisha kikombe kimoja kwenye ndoo nzima, ananyunyizia nyanya.

"Yanaondoa chumvi?" nikamuuliza.

"Hayaondoi, mama. Yanausaidia mche kuvumilia."

Kuvumilia! Maji yenyewe ya kupangia foleni, yeye anafulia majani ya baharini!

Akaenda kumuuguza mkwewe siku nne. Akaniachia agizo:

"Mama, usiguse kitu. Mwagilia tu."

Usiguse kitu! Utadhani nimezaliwa jana.

Nikaokota mwani gunia zima. Sikuosha. Nikapika mpaka nyumba nzima ikanuka. Nikamimina mzito vilevile, kopo zima kila shina. Ukaniishia, mistari minne ya karibu na uzio ikakosa. Nikaionea huruma, eti imepunjwa.

Siku ya tatu majani yalikuwa ya kahawia, kama yamepigwa pasi.

Binti aliporudi alichovya kidole kwenye sufuria, akaonja. Akatema.

"Mama, umeimwagia miche bahari."

Kaka akaja kukagua. Binti akamvuta mkono mpaka kwenye uzio.

"Mjomba, angalia hii minne! Hii nimeinyunyizia mimi!"

Ilikuwa kijani, imebeba maua.

Kaka akageuza macho kwenye mistari mingine. "Mistari minne siyo shamba, mwanangu."

Wiki iliyofuata akaleta mnunuzi.

Nikapandwa na hasira. Nikaenda kumsaka aliyeanzisha ule uvumi. Fundi cherehani akasema kamsikia muuza mkaa. Muuza mkaa akasema kamsikia jirani yangu. Jirani akanitazama, akaangua kicheko.

"Mwenzangu wee! Si wewe mwenyewe? Siku ile unalalamika binti yako anamaliza maji: 'Anauosha mpaka nguvu yote inaondoka!' Sisi tukadhani unajua, maana mwani unapikwa kwako."

Nikakumbuka. Nilisema tu, kwa hasira, ndoo ikiwa kichwani.

Binti hajanisema vibaya. Ananiamkia na kupita. Afadhali angenigombeza, yakaisha.

Basi, wenzangu, shikeni haya:

Msipike mwani bila kuuosha kwa maji yasiyo na chumvi, mara tatu au nne.

Msimwage mzito. Zimueni kwa maji mengi.

Msianze na shamba zima. Jaribuni mstari mmoja, mngoje.

Msidhani mwani unaondoa chumvi. Hauondoi.

Msiseme msilolijua mbele ya watu wanaopanga foleni.

Na mtoto akikwambia usiguse, usiguse.