Bustani ya Kutisha Nje ya Dirisha la Binti Yangu

Binti yangu alipokuwa na miaka kumi na minne aliacha kula. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu, na maumivu yake tulikuwa tumeyazoea, ikiwa kweli mzazi anaweza kuzoea kumsikia mwanawe akilia. Safari hii daktari mjini Kakamega alituonyesha picha ya nyonga yake, akasema mfupa unakufa kwa kukosa damu na mtoto asikanyage chini kwa miezi kadhaa. Shule ikasimama. Wenzake walikuja mara mbili na maandazi, wakakaa kimya kama watu waliokuja matangani, na hawakurudi tena.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilihamisha cherehani yangu kutoka sokoni nikaiweka barazani kwetu Lurambi ili akiniita nimsikie. Hakuniita. Nilishona kola za sare huku nimetega sikio, na kile kimya cha chumbani kilinitia hofu kuliko vilio. Nilimchinjia kuku. Nilimwita mchungaji. Baba yake, ambaye huendesha lori la miwa na kuja nyumbani Jumapili, alimletea redio. Siku moja nilipiga magoti kando ya kitanda nikimsihi ale vijiko vitatu tu vya uji. Alikula viwili, akatapika, akanigeuzia mgongo.

Asubuhi moja nilimkuta na simu yangu, akitazama picha za bustani za ng'ambo: maua meusi, matawi makavu, mafuvu yamepangwa katikati ya majani. Nilitaka kumpokonya. Nikajizuia, nikamwuliza ni nini hicho.

"Ni bustani ya kutisha," akasema. "Nataka yangu, hapo nje ya dirisha."

Kwa wiki mbili sikuwa nimesikia maneno mengi kiasi hicho kutoka kinywani mwake. Nilimwambia akila, tutaipanga. Akala robo ya ugali na mboga, nami nikaenda jikoni nikafunika kilichobaki ili nimpe tena jioni.

Nilimpa karatasi yangu ya kukatia vielelezo vya nguo na chaki ya fundi. Alichora bustani kwa safu. Mbele aliweka nduma zenye majani meusi, na nyuma yake majani yale mekundu ambayo watu hupanda kando ya ua, akiyapanga yaonekane kama damu iliyomwagika kuelekea mlangoni. Pembeni alitaka mmea mmoja mfupi, mnene, wenye ua lenye umbo la nyota linalonuka mzoga na kuita nzi. Niliutafuta kwa mama mmoja auzaye miche kando ya barabara. Aliniambia wateja huuomba mara chache, na wengi huurudisha.

Mama mkwe wangu, ambaye anaishi kwenye boma letu, alinikuta nikichimba mashimo ya kwanza. Alisimama akanitazama.

"Hii ni shamba ama ni makaburi?" akauliza. "Mtoto ni mgonjwa, na wewe unamtengenezea mahali pa kulala?"

Nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo tangu alfajiri. Niliendelea kuchimba kwa sababu mtoto alikuwa dirishani ameegemea mto, akinielekeza kwa kidole, na kwa sababu sikuwa na jambo lingine lolote lililobaki la kujaribu.

Siku chache baadaye alikamilisha safu ya mwisho kwenye karatasi. Aliandika mnanaha, akaandika mbarika, akaandika yale maua meupe yanayoning'inia kama tarumbeta. Nilisoma majina hayo nikiwa nimesimama. Nimekulia shambani, nayajua. Kila alichokichagua kwa safu ile kilikuwa sumu.

Niliikunja karatasi nikasema nitaviulizia. Mchana kutwa nilishona vibaya, nikafumua, nikashona tena. Nilitamani kuamini ni mchezo. Jioni kabla ya chakula niliingia, nikafunga mlango, nikakaa kitandani kwake.

"Unataka kufa?" nikamwuliza. Sauti yangu haikuwa yangu.

Hakushtuka.

"Kuna siku nataka," akasema. "Lakini si kwa maua hayo, mama. Hayo nilitaka watu wayaogope. Mimi kila mtu ananihurumia tu. Nilitaka niwe na kitu kimoja cha kuogopwa."

Nilimkumbatia kwa uangalifu, nikikwepa ile nyonga, na tulilia sote wawili bila kuoneana aibu. Kesho yake nilimweleza muuguzi wa kliniki, naye akatupeleka kwa mshauri ambaye binti yangu alizungumza naye kila wiki, mwanzoni kwa shingo upande. Ile safu ya sumu tuliifuta pamoja. Mahali pake alichagua kifauongo, kile kijimmea ambacho ukikigusa hufunga majani na kujifanya kimekufa. Alisema hicho kinamfaa.

Mvua zilipokolea, nduma zilinyanyuka nyeusi, na ua la mzoga likachanua. Harufu iliingia mpaka sebuleni. Mama mkwe aliacha kupita upande ule, akawa anazunguka kwa migomba ili kufika jikoni, akinung'unika kwa Kiluhya. Binti yangu alimsikia kutoka dirishani. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, alicheka.

Ningependa kusema bustani ilimponya. Haikumponya. Mwezi uliofuata maumivu yalirudi, tukalala wodini siku kumi, na tuliporudi mbuzi walikuwa wamekula nusu ya yale majani mekundu. Nyonga haikurudi kama zamani. Sasa ana miaka kumi na sita na huenda shule kwa magongo, darasa moja nyuma ya wenzake. Ziko siku nikitazama uso wake naona lile giza la kutaka kufa limekuja. Nimejifunza kuuliza waziwazi, na yeye hujibu waziwazi. Jibu likiwa baya, naacha kazi, nampigia mshauri simu, kisha nakaa naye.