Mulango wa Nyuma

Jumanne, mvua tangu asubuhi. Kampuni ya mgodi kule Walikale ilitafuta mutu wa kuchora nyumba za wafanyakazi kwa ordinateri. Leo imemuchukua mudogo wangu, si mimi. Na ile logisieli, programu ya kuchorea ndani ya hiyo kompyuta, mimi njo nilimufundisha!

Kwenye jaribio, nyumba niliyochora ilikuwa nzuri kuliko yake, hata mishipa ya mbao ilionekana. Yake ilikuwa na mulango wa nyuma. Mukubwa wa kampuni alimuuliza sababu, mbele yangu. Mudogo wangu akamujibu:

"Papa, risasi zikilia huku mbele, watu watatokea wapi?"

Wivu unanichoma, lakini walichagua vizuri. Siku tulipokimbia vita kule Masisi, nilimubeba mgongoni tukatokea mulango wa nyuma. Mimi nimechora mulango mumoja tu.

Jioni mudogo wangu alitupikia bugali na sombe, majani ya muhogo. Sombe nimeisifu. Mulango, bado.